Upana wa Boriti

Vyumba vya nyumba kongwe za mawe katika pwani ya Tanga ni virefu na vyembamba. Panda ghorofani katika nyumba mojawapo ya Pangani ambayo dari yake bado ipo, utatembea hatua nyingi kutoka pembe hadi pembe, lakini upande wa pili ukuta utakuwahi kabla hujanyoosha miguu. Wengine husema ni desturi, wengine ni stara, wengine ni hila ya kukabili joto. Yote yana ukweli wake. Lakini aliyekata shauri ni mkoko. Mkoko ulionyooka, wenye unene wa kubeba sakafu ya mawe na chokaa, hautoi boriti inayofaa kupita mita tatu hivi. Ukiuzidishia nafasi kati ya kuta, unapinda. Kwa hiyo mwenye mali hakuweza kununua upana. Alinunua urefu, akaongeza ghorofa, akachongesha mlango wa kuwatisha wageni, kisha usiku akalala katika upana uleule aliolala jirani yake mwenye kipato kidogo.

Wakata miti wa mikokoni walikuwa na jina kwa kila unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Hayo yalikuwa majina ya sokoni kabla hayajawa ya ujenzi, maana majahazi yaliyokuja na kaskazi na kungoja kusi iyarudishe yalipakia boriti kwenda Uarabuni na Ghuba, ambako mti wa namna hiyo ulikuwa adimu. Nyumba za huko nazo zikafuata kipimo cha mti wa Afrika Mashariki. Sijui kama kuna mchoraji ramani yeyote aliyewahi kuamua sura ya vyumba vingi kiasi hicho.

Msanifu majengo wa leo amefundishwa kuanza na karatasi. Huchora kwanza, halafu huuliza kitajengwa kwa kitu gani. Mazoea hayo humponza mbele ya nyumba kongwe. Hufika na kanda ya kupimia, siku hizi na mashine ya miale inayosoma chumba kizima kwa dakika chache, akapima kuta, madirisha na vidaka, akarudi mjini akiamini ameipata nyumba. Ameipata sura. Yaliyoamua sura hiyo, yaani mti uliokuwapo, jiwe lililopatikana, kuni zilizotosha na mikono iliyobeba, hayakuingia kwenye mashine.

Sisemi waliopima walipoteza muda. Peter Garlake, aliyesomea usanifu majengo kabla ya kugeukia akiolojia, alichapisha mwaka 1966 kitabu chake kuhusu majengo ya kale ya Kiislamu ya pwani hii, na mpaka leo anayetaka kujua mihrabu fulani ilikuwaje kabla haijaliwa na mizizi huanzia hapo. Usam Ghaidan, msanifu mzaliwa wa Iraki aliyefanya kazi Nairobi, aliipima Lamu kwa namna hiyo katika miaka ya 1970. Faida kubwa niliyoipata kwa watu wa aina hii ni kwamba waliinama, wakaokota jiwe, wakaliangalia. Ndipo likaja jambo ambalo waashi walilijua siku zote: mawe ya bahari ni ya namna mbili. Lipo lile gumu lenye matundu, la matumbawe yaliyokufa zamani sana, linalochimbwa nchi kavu na kwenye majabali ya ufukweni. Hilo ni la kujazia ukuta. Na lipo tumbawe linalokatwa majini likiwa hai, laini, linalokubali patasi kama mti mbichi kisha likikaa juani linakuwa gumu. Hilo lilichongwa mihrabu, vizingiti na nakshi. Ukiona jiwe la nakshi, basi ujue kuna mtu aliyezama.

Hayo yanaonekana vizuri Tongoni, kusini kidogo ya mji wa Tanga ukishika njia ya Pangani. Kuna msikiti usio na paa na makaburi yapatayo 40, mengi ya karne ya 14 na 15, na miongoni mwake yamo makaburi ya nguzo kwa wingi usio wa kawaida katika pwani nzima ya Afrika Mashariki. Nguzo nyingi zimelala chini. Waongoza watalii hupenda kuanza na Vasco da Gama, kwa kuwa jahazi lake moja, São Rafael, lilikwama katika mafungu ya Mtangata, jirani na hapo, mwaka 1498, na mwaka uliofuata likachomwa moto na wenyewe palepale kwa kukosa mabaharia wa kutosha. Ni kisa kizuri. Ila kwangu mimi yanayovutia zaidi ni yale mashimo ya duara kwenye nguzo na kuta za makaburi.

Mashimo hayo yalikuwa makao ya mabakuli na sahani za kauri kutoka nchi za mbali, zilizopachikwa kwenye lipu ikiwa mbichi. Vyombo vimekwenda, vingine vilivunjika, vingine vilibanduliwa. Richard Burton alipopita mwaka 1857 aliandika habari za kigae chenye maandishi ya Kiajemi kilichokuwa hapo. Kilichobaki ni kishimo chenye kingo laini, na ndani yake alama ya kitako cha bakuli. Msanifu mwenye haraka atashawishika kupachika bakuli jipya la kufanana ili mgeni aelewe. Ningemzuia mkono. Alama ile inasema kwamba mtu aliisukuma sahani ndani kwa kidole gumba wakati chokaa haijashika, na inasema pia kwamba mtu mwingine alikuja baadaye na kisu. Ukiifunika kwa chombo kilichonunuliwa juzi, umewanyamazisha wote wawili.

Chokaa yenyewe ina habari ndefu kuliko jiwe. Ilichomwa hivi: magogo yalipangwa duara, safu juu ya safu, na juu yake yakamwagwa matumbawe yaliyovunjwavunjwa. Moto uliwashwa kutoka katikati na kuachwa ufanye kazi yake. Jiwe likifikia nyuzi 900 hivi hutoa hewa ukaa iliyomo ndani yake, likabaki jeupe, jepesi na lenye ukali. Likimwagiwa maji huchemka. Baada ya hapo chokaa ililazwa, ikafunikwa na kuachwa kwa miezi, kwa sababu chokaa changa ina chembe ambazo hazijaiva, na chembe hizo hufura baadaye ukutani zikabandua lipu. Ikishapakwa huanza safari ya kurudi: huvuta hewa ukaa kutoka angani, taratibu, mwaka baada ya mwaka, mpaka iwe jiwe tena. Kwa hiyo ndani ya ukuta ule jiwe na kinachoungia jiwe ni kitu kimoja, kimoja kikiwa kimepita motoni na kingine hakikupita.

Paa na sakafu za ghorofani zilimwagwa chokaa na kokoto juu ya boriti, halafu zikapondwapondwa kwa vijiti siku nyingi, mpaka maji yakatoka juu na sakafu ikakaza. Kazi hiyo mara nyingi ilifanywa na wanawake, kwa safu, kwa nyimbo. Katika michoro yote ya majengo ya pwani niliyoitazama, sijaona mstari unaoonyesha wimbo. Lakini mahadhi yale ndiyo yaliyofanya unene wa sakafu uwe sawa kutoka ukuta hadi ukuta, na ukiikata sakafu hiyo kwa msumeno utaona jinsi ilivyoshikamana. Hicho nacho ni kipimo cha ujenzi.

Sasa twende Pongwe, magharibi ya mji. Hapo kuna kiwanda cha saruji kilichoanza mwaka 1980, na mifuko yake yenye jina la Simba imejaa katika kila duka la vifaa vya ujenzi kaskazini mwa nchi. Malighafi yake ni mawe ya chokaa ya Tanga, ndugu wa yale yaliyotoboka kuwa mapango ya Amboni. Ni ukoo uleule wa jiwe, ila limesagwa na udongo na kuchomwa kwa moto mkali zaidi, wa nyuzi 1,450 hivi, na likitoka huko halina tena nia ya kurudi lilikotoka. Ni kitu bora kwa nguzo ya daraja. Juu ya ukuta wa matumbawe ni balaa linalokuja polepole.

Ukuta wa kale hunywa maji kutoka ardhini na kuyatoa kupitia uso wake; lipu ya chokaa inayaruhusu yapite. Ukiuvika lipu ya saruji, maji hayaachi kupanda, ila njia ya kutokea imezibwa. Hupanda zaidi, yakibeba chumvi, mpaka yafike penye vichwa vya boriti vilivyozikwa ukutani. Huko mti unaoza gizani. Nje mwenye nyumba anaona ukuta safi, mgumu, usio na ufa. Nyuma ya ugumu huo tumbawe linageuka unga. Siku dari inapoanguka watu husema nyumba ilikuwa imezeeka.

Hata hivyo kuilaumu saruji ni rahisi mno, na aghalabu wanaoilaumu hawana wapangaji. Tuchukulie msanifu kijana kutoka Chuo Kikuu Ardhi amefika Pangani kwa nyumba iliyogawanywa kwa warithi, kila chumba na mlipa kodi wake. Ataamkia, “Shikamoo, bibi,” ataitikiwa na kukaribishwa barazani, ataeleza habari za unyevu na chumvi kwa ufasaha. Bibi atamsikiliza mpaka mwisho, kisha atamuuliza, “Mwanangu, hiyo chokaa yako inashika kwa siku ngapi? Na fundi wake yuko wapi?” Swali la pili ndilo gumu. Mfuko wa saruji uko dukani, unabebwa kwa bodaboda, na kila kijana mwenye mwiko anajua kuuchanganya. Nyumba ile haikuvikwa saruji na adui. Ilivikwa na mtu aliyeipenda, kwa pesa alizojinyima.

Ndiyo maana siungi mkono wanaotaka kubandua saruji yote kwa siku moja ili nyumba irudi ilivyokuwa. Kwanza kuna sababu ya fundi: saruji ikishashika tumbawe haitoki peke yake, hutoka na uso wa jiwe. Pili, kiraka cha saruji nacho ni ushahidi. Kinaonyesha mahali maji yalipoingilia, na kinaonyesha kwamba kipindi hicho mchoma chokaa wa mwisho hakuwa jirani tena. Msanifu akisome kwanza, akiandike, ndipo aamue kipi kinaua ukuta na lazima kitoke, na kipi kinaweza kusubiri.

Zanzibar ilipata somo lake mbele ya macho ya dunia. Beit al-Ajaib, jumba alilojenga Sultani Barghash mwaka 1883, lilikuwa mchanganyiko wa matumbawe na chokaa kwa upande mmoja, na chuma kilicholetwa kwa meli kwa upande mwingine: nguzo ndefu za chuma nje, mihimili ya chuma ndani. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya jumba hilo iliporomoka wakati kazi ya ukarabati ikiendelea, na watu wawili wakafariki. Chuma kikipata kutu hufura. Tumbawe halijui kusukumwa. Kuanzia zama zile majengo ya pwani mengi ni ya ndoa kama hiyo, na ya Wajerumani yamo. Reli ya Usambara ilianza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893, bandari ikapokea chuma na mabati, na mafundi wakavipachika ndani ya kuta za mawe ya bahari kwa ujuzi wa kale. Boma kongwe la Tanga, ambalo leo ni makumbusho ya Urithi Tanga, msiliite jengo la Kijerumani tu. Amri ilikuwa ya Kijerumani. Ukuta ni wa pwani.

Na hapo nafika mahali pagumu zaidi, ambapo ni Boma la Pangani, linalohesabiwa kuwa la mwanzoni mwa karne ya 19. Masimulizi ya mji yanasema kwamba lilipojengwa, watumwa walizikwa hai chini ya nguzo zake ili jengo liwe imara. Kila mgeni husimuliwa. Msanifu afanye nini na habari kama hiyo? Hawezi kuvunja nguzo ili aamini, na akiiacha nje ya ripoti kwa kuwa haina kipimo, atakuwa ameandika nusu ya jengo. Pangani ilikuwa mlango wa pembe za ndovu na wa binadamu waliouzwa, na mashamba ya miwa ya bondeni mwa mto yalilimwa na watumwa. Katika mji kama huo, nani alivunja matumbawe? Nani alikata magogo ya tanuri, akayabeba, akakesha na moshi? Masimulizi ya nguzo yanajibu swali hilo kwa lugha yake, na hesabu ya kawaida ya vibarua, kuni na tani za mawe ingelijibu kwa lugha nyingine. Ningependa kuona michoro ya ukarabati yenye majibu yote mawili. Tunaposifu unene wa kuta zile, tunasifu kitu ambacho kilikuwa rahisi kwa sababu waliokifanya hawakulipwa.

Sheria nayo ina vipimo vyake, na ni vya ajabu kidogo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inahesabu kuwa mnara wa kumbukumbu jengo lolote lililojengwa kabla ya 1863. Tongoni imo bila mjadala. Lakini nyumba nyingi za mawe za Pangani ni za miongo iliyofuata, na Boma la Tanga ni la enzi ya Wajerumani. Hayo hayalindwi mpaka Waziri atangaze. Sheria hiyohiyo inalinda milango ya mbao na miimo yake iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya 1940. Kwa maneno mengine, mlango wa mwaka 1900 una ulinzi ambao nyumba yake haina. Naelewa kilichokusudiwa, maana milango ilikuwa ikibebwa na kuuzwa ng’ambo. Lakini ukiitazama sheria kama fundi, umelinda kifuniko ukasahau chungu.

Mwaka huohuo wa 1964 wataalamu walikutana Venisi, Italia, wakapitisha mkataba ambao wasanifu wa majengo ya kale duniani hunukuu hadi leo. Moja ya kanuni zake ni kwamba kipande kipya kisijifanye cha kale. Kilingane na jengo, lakini kitambulike. Ni kanuni ya heshima, na kwa mihrabu ya Tongoni naikubali moja kwa moja. Kwa nyumba inayokaliwa na watu inanipa taabu. Nyumba na misikiti ya pwani ilipakwa chokaa upya mara kwa mara, Ramadhani ikikaribia au sikukuu ikija, na tabaka la mwaka huu halikuwa na haja ya kujitenga na la mwaka jana. Djenné, nchini Mali, msikiti mkubwa wa udongo uliojengwa 1907 hukandikwa upya na mji mzima karibu kila mwaka, na hakuna anayeuliza udongo upi ni wa asili. Ngamiani, Tanga mjini, katika zile barabara zake za namba, nyumba za udongo na fito ziliishi hivyohivyo: mvua ikibomoa, majirani wakaitana msaragambo, wakakandika. Nyumba ilikuwa ya kale na mpya kwa wakati mmoja, na haikuwatatiza.

Kuna tatizo jingine ambalo wapenda chokaa, mimi nikiwamo, hatupendi kulitaja. Vitu vilivyojenga Tongoni na Pangani leo vinalindwa kuliko majengo yenyewe. Tangu 2009 bahari ya mbele ya Tanga, kuelekea kusini hadi Kigombe, ni Hifadhi ya Silikanti, samaki wa kale ambaye wanasayansi walidhani ametoweka tangu zama za dinosauri. Kukata tumbawe hai humo ni kosa, na ni sawa iwe kosa. Mikoko nayo haikatwi bila kibali, kwani ndiyo inayoshikilia ufukwe usiliwe. Kwa hiyo msanifu anayetaka kurudisha dari ya boriti kama ilivyokuwa anaomba kwa serikali moja vitu ambavyo serikali hiyohiyo inavikataza. Kuna njia: jiwe la nchi kavu lipo, na boriti ya mti wa kupandwa, ikikaushwa na kutiwa dawa, inabeba. Ila mti wa kupandwa unaweza kuwa mrefu kuliko mkoko, na hapo ndipo nidhamu ya msanifu hupimwa, kwa sababu mwenye nyumba atamwambia atoe ukuta wa kati apate sebule pana.

Atoe au asitoe? Ningesema ukuta ubaki, lakini sitamhukumu mwenye nyumba mwenye watoto sita.

Ninachokidai ni kidogo na hakina ushairi. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai ukaisha Juni. Fedha za ukarabati, zikipitishwa, zikashuka ngazi zote, zikatangazwa zabuni, mara nyingi hufika kwa mkandarasi masika ikiwa mlangoni, na zisipotumika kabla ya Juni kwisha zinarudi hazina. Chokaa haiwezi kwenda na kalenda hiyo. Ilazwe shimoni miezi kadhaa, ipakwe wakati wa ukavu, tabaka la kwanza lishike kabla ya la pili. Mkandarasi mwenye akili timamu, akiwa na wiki chache na mvua juu ya kichwa, ataagiza Simba, na hata mimi ningefanya hivyo. Basi kipengele cha kwanza katika makadirio ya ukarabati wowote wa jengo la pwani kiwe shimo la chokaa na mshahara wa fundi mmoja mzee na vijana wawili, mwaka mzima kabla ya kazi kuanza, nalo lilipiwe kwa fungu lake, lisisubiri zabuni. Shimo moja Pangani, jingine Tanga mjini. Likijaa, jirani mwenye ukuta unaobanduka aruhusiwe kuja na ndoo na kununua kwa bei ya saruji au chini yake. Bibi wa nyumba ya urithi atakuwa na jibu la swali lake la pili, na msanifu kijana atakuwa na mtu wa kumfundisha yale ambayo mashine ya miale haikusoma.